Mwiko wa Kuvuka Maji

Sitalitaja jina la jani lile. Nina umri wa kutosha kutaja chochote ninachotaka, na nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, mahali ambapo kila dawa huandikwa jina kabla haijamgusa mgonjwa. Lakini jani lile nilionyeshwa kwa sharti la kunyamaza, na aliyenionyesha hayupo tena wa kunitoa katika sharti hilo. Niseme tu kwamba linanukia udongo uliolowa na ganda la limau lililokauka juani, na kwamba wiki hii yote mikono yangu imekuwa ikinukia hivyo hata baada ya kuosha kwa sabuni.

Tonton Saidi, ndugu wa mama yangu, amefariki. Aliacha neno moja: azikwe ng'ambo, Lubunga, karibu na mama yake. Vijana wa nyumbani walipolisikia walitazamana. Hapa Kabondo, mtaa wetu wa Kisangani, hakuna asiyejua kwamba Tonton hakuvuka maji. Hakupanda mtumbwi, hakupanda kivuko, hata daraja la mto Tshopo hakulipita. Wajukuu walizoea kumtania siku za mvua, wakimwonyesha mfereji mbele ya mlango: "Tonton, hii nayo iko mayi, utapita namna gani?" Naye alicheka pamoja nao akaruka mfereji. Walidhani ni woga wa uzee. Sisi wachache wa rika langu tuliobaki tunajua kwamba alifungwa, na aliyemfunga hakurudi kumfungua.

Aliyemfunga ni nyanya yangu, mama yake mzazi. Tulimwita Koko, kama watoto wengi wa Kisangani wanavyomwita nyanya yao. Alikuwa Mmbole wa barabara ya Opala, upande wa pili wa mto. Babu yangu, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, alimwoa akamvusha, naye akasilimu na kujifunza kusali. Msitu wake hakuuacha. Kila alipohitaji majani alivuka kurudi Lubunga, kwa sababu ya upande wetu, alisema, hayamjui. Akifika mbele ya mti alisema bismillahi, kisha akausalimu kwa Kimbole, kisha akabandua gamba kidogo upande jua linakotokea na kidogo upande linakozama, ili mti usife. Kurudi hakugeuka nyuma. Nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa, na usingizi wangu wote wa utotoni unanukia lumbalumba, ule mrehani wetu, sinda, yaani mchaichai, na moshi uliokaa kwenye kitenge chake.

Asubuhi baraza yetu ilijaa watu. Walikuja wenye homa wakapewa kongobololo, ule uchungu unaoshuka hadi kwenye visigino, ambao sisi watoto tulinyweshwa kwa nguvu huku tumezibwa pua. Walikuja wenye tumbo, wenye kikohozi, wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto. Papa yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, alitusimulia kwamba kule majani yanakaushwa, yanabandikwa kwenye karatasi na kuandikwa majina. Koko alisikiliza kwa makini sana, akauliza kama majani hayo yalisalimiwa kwanza.

Yeye majina aliyaficha. Jina la mti halikutajwa mbele ya mgonjwa, maana dawa inapoa. Na mtu aliyeanza dawa kwa Koko alifungwa. Alifungwa uzi wa rafia mwilini na kupewa mwiko wake: huyu asile samaki wa moshi, yule asipokee kitu kwa mkono wa kushoto, mwingine asivuke kizingiti baada ya jua kuzama. Alipopona hakuondoka tu akaenda zake. Koko alivuka mto asubuhi, akachuma lile jani ambalo silitaji, likiwa bichi, akalipondaponda kiganjani, akampaka pale penye uzi, kifuani na miguuni. Halafu alimfanyisha kile alichomkataza. Mwenye mwiko wa samaki alilishwa samaki na mkono wa Koko mwenyewe. Ndipo aliposema: "Mimi njo nilikufunga. Mimi njo nakufungua. Kwenda." Nilipenda neno hilo la mwisho, kwenda, yaani sasa uko huru, nenda. Watu wazima walitoka pale uani wakitembea kama watoto waliomaliza shule.

Tonton Saidi alikuwa matelo, mfanyakazi wa meli za mto, zile za kwenda Yangambi, Barumbu, Basoko na mbele zaidi. Siku za dipanda, watu walipokuwa wakiimba barabarani kwamba nchi imekuwa yetu, alishuka melini akanibeba mabegani kuanzia bandarini hadi nyumbani, shati lake likinuka mafuta ya mashine na samaki. Kwa muda mrefu niliamini dipanda ilikuja na meli yake. Alikuwa na mwendo wa watu wa maji, wa miguu iliyoachana kidogo, na aliponyamaza ulijua anausikiliza mto. Mama alimwambia kwamba ataoa meli. Yeye akajibu kwamba posa imeshakubaliwa.

Kisha kamba ya chuma ya kufungia meli ilikatika ikamchana mguu chini ya goti. Aliendelea na kazi, maji ya mto yakaingia kwenye kidonda, na alipoletwa nyumbani mguu ulikuwa umevimba na unanuka. Koko aliosha, akatia majani, akafunga uzi wa rafia kwenye kifundo. Mwiko aliompa ulieleweka na kila mtu: "Usivuke mayi. Mutumbwi, bató ya kampuni, daraja, yote. Hadi mimi nakufungua." Hata daktari angemkataza mto.

Miaka michache baada ya dipanda, waasi walioikataa serikali waliingia mjini, Tonton akiwa bado kitandani na mguu wake. Nakumbuka kimya kwanza, halafu sauti za vijana wengi wakipiga kelele, "Mayi! Mayi!" Walikuwa wamevaa majani na vipande vya ngozi za wanyama, wana chale mbichi kwenye paji la uso, na walikuwa wamenyunyiziwa maji ambayo, walisema, yanageuza risasi kuwa maji. Nao walikuwa na miiko: wasimguse mwanamke, wasigeuke nyuma, wasioge. Sasa mtoto aelewe nini? Majani, chale, mwiko, kutogeuka nyuma: nilidhani wote wale ni wagonjwa wa Koko. Nilijivuna. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba amepata wagonjwa wengi hivyo.

Koko alikuwa akichambua majani. Hakuinua kichwa. "Dawa yangu haiyatuma mutu kwenda kufa," alisema, na akanifukuza kwenda kuchota maji.

Mguu wa Tonton ulipona vizuri. Mimi ndiye niliyeshika beseni Koko akiuosha, kwa hiyo nilikiona kidonda kikisogeleana kutoka pembeni hadi kikafunga. Ngozi mpya ilikuwa laini na nyekundu kama ya panya aliyezaliwa jana. Tonton alianza kusimama mlangoni akitazama upande wa mto. Nilimngoja Koko avuke akachume jani la kumfungulia. Kila asubuhi niliuliza, na kila asubuhi alisema bado.

Siku hizo vijana wa mitaa yetu walikuwa wakichukuliwa. Wengine walikwenda kwa hiari na nyimbo, wengine walitolewa chini ya vitanda. Walipelekwa bandarini, wakavushwa, wakasukumwa mbele kwenye mapigano huko tusikokujua. Mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa akinirushia mapera kutoka juu ya mti wao, aliondoka hivyo. Mama yake alikuja kwa Koko akiomba majani ya kumrudisha mtu. Koko alimkalisha, akamshika mikono, na hakumpa jani lolote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu akitoka kwetu mikono mitupu, na nilimwonea Koko haya.

Asubuhi moja mpiga mbiu alipita akisema kila kijana mwenye nguvu ajitokeze. Niliingia jikoni nyuma ya nyumba kutafuta kaa la moto, nikawakuta Koko na Tonton. Bandeji imefunguliwa. Koko alikuwa na chungu kidogo ambacho sisi watoto tulikatazwa kukisogelea; ndani mlikuwa na mzizi uliokwanguliwa, na nilijua ni wa nini, kwa sababu alitukataza kwa kutuambia: huu unakula ngozi. Aliuchukua kwa kijiti, akaupaka juu ya ile ngozi mpya, polepole, kama mtu anayepaka mafuta mtoto mchanga. Tonton alikuwa amegeukia ukuta, ameng'ata kona ya shuka. Koko aliniona. Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nikadhani ni moshi.

Kabla ya adhuhuri mguu ulikuwa na malengelenge. Kesho yake kidonda kilikuwa wazi tena, na Koko akapaka tena.

Uchochoroni kwetu watoto tulijua mambo ya walozi. Tulijua kwamba mlozi huanza na wa nyumbani mwake, kwamba hula mtu polepole, na kwamba anayeliwa hawezi kulia. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Koko wangu, ambaye nililala nikiwa nimeshika sikio lake, alikuwa akimla mwanawe. Sijui nieleze vipi huzuni ile. Si hofu tu. Ilikuwa kama kufiwa na mtu ambaye bado anakupikia. Nilihamia mkeka wa Mama. Lituma ya Koko, zile ndizi alizozitwanga vizuri kuliko mtu yeyote, sikuila tena, nikasema tumbo linauma. Aliniletea dawa ya tumbo, nikaimwaga nyuma ya choo. Aliona.

Halafu walikuja kwetu. Mkubwa wao alikuwa mtu mfupi, wa makamo, mwenye sauti ya upole, na vijana waliokuwa nyuma yake hawakuzidi umri wa kaka zangu. Alisimama uani, mbali kidogo na kizingiti, maana nyumba ina wanawake.

"Tumesikia hapa iko matelo," alisema. "Tuko na kazi ya batu wenye kujua mayi."

"Iko," Koko alijibu. "Iko mugonjwa. Nimemufunga."

"Umemufunga na nini?"

"Na mayi. Asivuke. Kama anavuka na uzi yangu, dawa yangu inavunjika, na ya kila mutu mwenye kuwa naye kwenye mutumbwi inavunjika pia."

Vijana walirudi nyuma hatua. Mkubwa akasema aonyeshwe. Mama na Koko walimtoa Tonton wakimshikilia makwapani, wakamketisha kwenye kigoda, wakafungua bandeji. Harufu ilifika hadi nilipokuwa. Yule mtu aliinama akatazama mguu kwa muda, halafu akamtazama Koko.

"Mama, weye uko na dawa ya risasi?"

"Hapana. Niko na ya homa, ya tumbo, ya kidonda. Ya risasi sijayaiona."

Mama yangu alifumba macho. Maneno kama hayo yalikuwa yameshawaua watu mjini. Lakini yule mtu hakukasirika, alikuwa akifikiri. Akazungusha kichwa akaniona nimesimama na beseni langu, akaniita kwa kidole na kuniwekea mkono mabegani, maana mtoto hahesabiwi mwanamke.

"Weye, mutoto. Watoto hawajue kudanganya. Koko anatia nini kwenye muguu hii?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka sana kulisema. Nilikuwa na mlozi nyumbani kwangu na mbele yangu amesimama mtu mkubwa mwenye nguvu ya kumzuia. Kwa akili yangu ya wakati ule, alikuja kumwokoa Tonton. Nilimtazama Tonton. Jasho lilikuwa likimtiririka, na alikuwa akinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Mzizi ule nililijua jina lake. Lakini alikuwa mbele yangu, mgonjwa mwenyewe, amefungwa uzi, na sheria ya nyumba yetu ilikuwa imeingia ndani yangu kabla ya hofu.

"Jina ya muti haitajwe mbele ya mugonjwa," nilisema.

Nilidhani atanipiga. Badala yake aliondoa mkono wake mabegani mwangu, upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Naye alikuwa na miiko yake, na dawa yake nayo ilikuwa na majina yasiyotajwa.

"Mutoto wa dawa, vraiment," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia Koko. "Bon. Mufunge. Lakini siku unamufungua, unatuma habari bandarini. Tutakuya kumukamata siku ile ile."

Walipoondoka Mama alikaa chini palepale mchangani. Koko aliingia ndani kusali, na sala ile ilikuwa ndefu.

Basi ikawa hivyo. Kumfungua Tonton ni kumtoa kwa wale watu. Kutomfungua ni kuendelea kumpaka. Mguu ukaanza kuwa mweusi pembeni ya kidonda, homa ikampanda, akaanza kuongea na watu wa melini. Koko aliacha kula. Mara moja nilimkuta ameshika kile kijiti juu ya mguu, hawezi kushusha wala kurudisha. Mimi nilisimama mlangoni nikifurahi, nikidhani uchawi umemshinda.

Siku moja ikavuma kwamba yule mkubwa na watu wake wamepelekwa mbali, na kwamba bandarini hakuna anayejali tena nani amefungwa na nani hakufungwa. Koko hakungoja uvumi wa pili. Alichukua kikapu chake asubuhi na mapema, akavaa kitenge safi. Nilimsikia akimwambia Tonton, ameinama karibu na sikio lake: "Muguu haiwezi kungoja tena. Naenda kutafuta jani. Nitakuya kukufungua. Usivuke."

Uani alinipita, akarudi. Alikamata mkono wangu wa kuume, akaufungua, akatemea mate kiganjani kidogo, mate yenye jani alilokuwa akitafuna, akaukunja ngumi. Sikuwa na nguvu ya kuuchomoa. Alipotoka tu nje, nilipangusa kiganja kwenye gauni, tena na tena, hadi kikawasha.

Ndege zilikuja kesho yake, na askari wa kuwafukuza waasi. Sitasimulia siku hizo. Wenzangu wa umri huu mnazo zenu. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakiwatoa wanaume na kuwachunguza paji la uso na kifua, wakitafuta chale. Tonton hakuwa nazo. Alikuwa na mguu unaooza tu, na waliogopa harufu wakamwacha. Kwa mara ya pili mguu ule ulikufa badala yake. Na mto ukafungwa: upande wetu askari, ng'ambo waasi, na hakuna mtumbwi uliothubutu katikati.

Mama alimwosha Tonton kwa maji ya chumvi na majani aliyoyakumbuka, akauacha ule mzizi kwenye chungu chake. Kidonda kilianza kufunga. Nikasema moyoni: mmeona, mlozi ameondoka na mtu anapona. Bado nilikuwa nikihesabu hivyo pale mwanamke wa Lubunga alipofika, mto ulipofunguka, amebeba kikapu cha Koko kichwani. Alisema Koko alichuma jani siku ileile aliyovuka. Baada ya hapo alishuka mtoni kila siku kutafuta mwenye mtumbwi, akiwaambia watu ana mgonjwa anamngoja, na kila siku alirudi kuchuma jani jingine kwa sababu la jana limenyauka. Risasi iliyompata ilitoka upande wetu. Ndani ya kikapu majani yalikuwa yamekauka, na harufu yake ilijaa baraza. Tonton alitaka kusimama, akaanguka, akakaa na kikapu mapajani. Hapo nilimsikia mwanamume mzima akilia kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Mguu ulipona ukabaki mfupi kidogo. Melini hakurudi. Mama alivuka kulitazama kaburi na kupanda lumbalumba juu yake. Tonton alimsindikiza hadi ukingoni akarudi. Alijifunza kuchonga makasia. Yakawa mazuri sana, mepesi, na watu wa mto walikuja kuyanunua hata kutoka mbali, wengi bila kujua kwamba mchongaji hajakanyaga mtumbwi tangu ujana wake. Chombo kilichobaki kwake cha Koko ni kile kikapu.

Mimi nilisomea uuguzi. Niliwahi kumpokea mgonjwa mwenye vidonda alivyojitia mwenyewe ili asipelekwe mahali, na nilipokuwa nikimsafisha niliweka beseni chini, nikamwachia mwenzangu amalizie. Jioni hiyo kabla ya magharibi nilikwenda kwa Tonton. Alikuwa akikwangua kasia kwa kipande cha chupa. Nilimwambia nilichokiona jikoni, na nilichoamini miaka yote ile.

Hakuacha kukwangua. "Mimi nilijua," alisema. "Kila asubuhi, nilijua. Alikuwa anasema, 'Saidi, unisamehe,' na mimi nilikuwa namupa muguu."

"Sasa kama ulijua ugonjwa ilikuwa ya uwongo, Tonton, mwiko nayo si ilikuwa ya uwongo? Juu ya nini huvuki?"

Aligeuza kasia, akaendelea kukwangua upande wa pili. Nilidhani nimemkosea.

"Mama hakupata kusema uwongo na majani yake," alisema mwishowe. "Uwongo mumoja tu, na alisema juu yangu. Kama mimi navuka, inabakia uwongo. Kama sivuki, ilikuwa kweli." Akapuliza vumbi la mbao. "Na alisema anakuya kunifungua. Mimi niko nangoja."

Nilimwambia ninaweza kuvuka, kulichuma, kumfungua, jani ninalijua. Nikamwambia pia kuhusu mate ya Koko, ambayo kwetu ni kumrithisha mtu mkono wa dawa, na jinsi nilivyoyapangusa. Hapo alicheka, kicheko chake cha zamani cha melini. "Ulipangusa nini, mutoto yangu? Ilikuwa imeisha kuingia." Halafu akawa mzito tena. "Mukono uko nayo. Lakini si sasa. Siku nitakufa, njo utanifungua. Siwezi kufika kwake na uzi."

Kwa hiyo wiki hii, asubuhi ya maziko, nilivuka peke yangu kabla ya watu kukusanyika. Magoti yangu si ya kupanda vilima vya Lubunga tena, na msitu umerudi nyuma. Pale Koko alipochumia sasa pana mihogo na nyumba za mabati. Ilinibidi niende mbele sana. Nililipata chini ya mti mmoja uliobaki pembeni ya shamba la mtu. Nilisema bismillahi. Kimbole changu ni kibovu, lakini salamu ninaijua. Nilichuma, na katika kurudi sikugeuka nyuma, ingawa mwenye shamba alikuwa akiniita aulize mama mzee huyu anaiba nini.

Bandarini walikuwa wamemleta, ameshaoshwa na kukafiniwa, jeneza liko wazi mchangani na mtumbwi unangoja. Mwalimu aliyeswalisha aliona kiganja changu cha kijani. Ni kijana, amesoma dini mbali. Alitazama mto kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mama, fanya upesi, jua linapanda," akawaambia wanaume wasogee kando.

Nilipiga magoti. Jani lilikuwa limetoa maji yake. Nilipaka sanda pale ulipo mguu, mguu ule, halafu kifuani, halafu miguu yote miwili, na doa likabaki la kijani juu ya nguo nyeupe. Nilijiuliza kama mkono huu kweli ni wa Koko, mkono uliopangusa. Harufu ilipanda, udongo na limau, na nikawa tena mtoto mwenye beseni, nikimtazama mama akimuumiza mwanawe ili abaki naye, na safari hii nikayaona machozi yake.

"Koko njo alikufunga," nilisema. "Mimi njo nakufungua."

Walimwinua wakamweka mtumbwini. Vijana walikuwa wameacha mashine ya petroli ufukweni bila mtu kuwaambia. Walishika makasia aliyoyachonga. Nikapanda nikaketi karibu na miguu yake. Mtumbwi uliposukumwa na maji yakaugusa ubao chini yetu, ndipo nilipokumbuka kwamba neno moja lilikuwa bado. Niliinama hadi kwenye sikio lake, kama mama yake alivyoinama.

"Kwenda, Tonton."